Mdudu Anayekata Alama

Wanangu mnaovaa koti jeupe la maabara kwa mara ya kwanza, mkajipiga picha mmeikumbatia hadubini kama mtoto mchanga, assalamu alaykum. Mimi ni Edo Sahra. Edo kwetu ni shangazi, dada ya baba, lakini katika hospitali niliyofanyia kazi hapa Garissa nilikuwa edo wa kila mtu: madaktari kutoka Kisumu, madereva wa ambulensi, hata wazee walionizidi umri. Nimekaa maabara mpaka nywele zikaomba hina. Sasa nimestaafu, nakaa nyumbani kwangu mtaa wa Iftin, na hilo ndilo nililokuwa nikilitaka tangu siku ya kwanza ya kazi.

Msicheke. Sikuingia maabara kwa kupenda sayansi. Nilipomaliza kidato cha nne baba aliniuliza nataka kazi gani, nikamjibu: ya kukaa ndani. Wenzangu walitaka Nairobi, wengine Jidda. Mimi safari ya Bura tu hunitia tumbo joto, nikiwaza choo kitakuwa cha namna gani. Basi niliposikia hospitali inatafuta msaidizi, mtu wa kukaa kwenye kiti kimoja, dirisha limefungwa, jicho kwenye kioo hadi jioni, niliona dua yangu imejibiwa na kuletwa mpaka mlangoni.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutinda, mtu wa Kitui, mwembamba, mwenye miwani iliyoshikwa na plasta upande mmoja. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anacheka, na kicheko chake kiliuma zaidi. Wiki yangu ya kwanza alinipa damu nijifunze kutafuta malaria. Nikatafuta. Nikapata. Nikapata tena. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeijaza karatasi.

"Sahra," akasema, "umempata na malaria kila mtu aliyekuja asubuhi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na dereva wa ambulensi."

"Huyo ndiye ana nyingi kabisa."

"Dereva nilimwomba damu ili tu upate cha kufanyia mazoezi. Yule hana ugonjwa wowote ila uvivu." Akainama juu ya hadubini, akakaa kidogo, mabega yakaanza kutikisika. "Hii rangi uliichuja?"

"Kuichuja?"

Alivua miwani akapangusa machozi. Kumbe nilichokuwa nikikiona asubuhi nzima ni vumbi la rangi iliyoganda. Tangu siku hiyo dereva yule alikuwa akiniona tu anajishika kichwa na kutetemeka, "Edo, homa!" Alifanya hivyo mpaka alipohamishwa.

Kwa hivyo chujeni rangi. Na maji ya kuchanganyia msiyachote popote. Maji ya kisima yenye chumvi yatakugeuzia kioo kiwe cha buluu kama kanga mpya, na mdudu hutamwona hata akikupungia mkono. Kioo kikaukie ndani ya kabati. Upepo wetu wa huku una mchanga, na mchanga chini ya hadubini una sura za kila aina. Niliwahi kumwona mmoja anafanana na shemeji yangu.

Lakini mdudu ninayetaka kuwaambia habari zake si wa malaria. Ni wa kala-azar. Ninyi mliozaliwa upande huu mmeshamwona mgonjwa wake: homa isiyokwisha, mwili umekonda, mikono kama vijiti, na tumbo limetuna upande wa kushoto kwa sababu ya bandama. Anayeuleta ugonjwa huu ni nzi wa mchanga, mdogo kuliko mbu, hana hata adabu ya kulia sikioni kabla ya kuuma. Anapenda nyufa za vichuguu, na wachungaji wetu nao wanapenda kuegemea vichuguu jioni. Hapo wanakutana.

Mdudu huyu hatumtafuti kwenye damu ya kidoleni. Daktari huingiza sindano kwenye uboho wa mfupa, au kwenye bandama kwa uangalifu mkubwa, akatuletea tone. Mara ya kwanza nilitazama tone lile mpaka shingo ikakakamaa, sioni kitu. Mzee Mutinda akasema, "Unamtafuta mdudu. Mwache. Tafuta nyumba yake."

"Nyumba yake iko wapi?"

"Tafuta seli kubwa, pana, imelegea kama godoro. Ukiipata, chungulia ndani."

Nikaipata. Ndani yake walikuwa wamejaa kama ufuta juu ya mkate. Kila mmoja ana doa kubwa na kadoa kadogo kando, kama mtu na kifurushi chake. Asiye na kifurushi, wanangu, mwacheni, ni takataka. Nilifurahi. Kisha nikaona kitu kikaniudhi. Seli ile kubwa naifahamu. Hiyo ndiyo seli mlaji, kazi yake ni kumeza vijidudu na kuvimaliza. Vipi vimekaa humo vimestarehe?

Nilimuuliza Mzee Mutinda. "Waulize wenye shahada," akasema, na kila mwenye shahada aliyekuja alikuwa na haraka. Swali hilo nilikaa nalo kama mtu anavyokaa na jino bovu, mpaka Mzee Mutinda akastaafu akarudi Kitui, mpaka akaja Daktari Atieno.

Daktari Atieno alikuwa binti mdogo, mrefu, aliyezoea chai ya maziwa ya ngamia kwa muda mfupi kuliko mgeni yeyote niliyemwona. Akawa anakuja maabara kunywa kikombe cha pili kwa siri. Siku moja nikamzuia mlangoni na swali langu. Hakukimbia. Akavuta kiti.

"Edo, unajua kimeng'enya?"

"Ni neno la mtihani. Niliandika, nikapata alama, nikasahau."

"Ni kikata-vitu. Kwa mfano tumboni mwako kuna vinavyokatakata nyama uliyokula. Sasa sikiliza. Kijidudu kigeni kikiingia kwenye damu, mwili unakibandika protini. Tuseme ni alama. Alama hiyo ina kazi mbili. Moja, inaita protini nyingine zije kukitoboa kife. Mbili, inaiambia seli mlaji: huyu mmeze."

"Haya. Brotini," nikasema, kwa mdomo wangu huu wa kwetu usiopenda p.

"Mdudu wa kala-azar amevaa kimeng'enya juu ya ngozi yake. Alama ikimgusa, anaikata. Ila haiondoi yote, anaipunguza. Ile sehemu ya kuita watoboaji inakufa. Ile ya kumkaribisha kwa seli mlaji inabaki."

Nikaweka kikombe chini. "Kwa hivyo anataka kumezwa."

"Anataka kumezwa, Edo! Huko ndani ndiko anakoishi. Na akishaingia, seli inamwagia sumu ya kumuua. Yeye ana vimeng'enya vingine vya kuizima. Kisha anakata mpaka mawasiliano ya ndani ya seli, isiweze kuwaita wenzake. Mlinzi amegeuzwa nyumba, na nyumba yenyewe haina sauti."

Nawaambia kweli, nilimwonea mdudu yule huruma ya jamaa. Kiumbe anayefanya juu chini aingizwe ndani, afunge mlango, asisumbuliwe na majirani! Kama si ubaya wake tungeelewana.

"Daktari," nikasema, "huyo namjua. Ni mwizi wa mbuzi."

Nikamweleza. Kwetu kila ukoo una mkato wake wa sikio la mbuzi. Mwizi mjinga huiba mbuzi na sikio lake, akakamatwa sokoni. Mwizi mwenye akili hukata kidogo juu ya mkato ule, na alama ya Fulani ikawa ya Fulani mwingine. Mbuzi akapita mbele ya mwenyewe, naye, akidhani si wake, akamfungulia mlango wa zizi la watu. Daktari Atieno akapiga meza. "Hiyo! Hiyo ndiyo tuwaambie wagonjwa!"

Mfano ulikuwa wangu, nikavimba kichwa. Sasa sikilizeni ulivyonirudi.

Miaka michache kabla sijastaafu aliletwa kijana mchungaji wa ngamia kutoka upande wa Sangailu, jina lake Dakane. Alikuja na mjomba wake, ndugu wa mama, ambaye sisi humwita abti. Mjomba huyo, Mzee Gedi, alikuwa na ndevu nyekundu za hina na fimbo aliyoishika kama anataka kuihesabia dunia makosa yake. Dakane alikuwa mifupa na macho. Alipofunuliwa shati, juu ya bandama palikuwa na makovu ya mviringo, yamepangwa kama vifungo. Wengi wenu mnayajua. Tumbo likivimba upande ule, wazee huchoma kwa chuma cha moto. Sikuyashangaa, na ninyi msiyashangae kwa sauti mbele ya mgonjwa. Aliyemchoma alikuwa anampenda.

Kipimo cha haraka cha damu, kile kinachojibu kwa mistari, kilionyesha mstari hafifu, wenye haya kama bibi harusi. Daktari akataka mdudu mwenyewe. Akatoa uboho, nikaupaka rangi, nikatafuta nyumba kwanza. Walikuwamo, na vifurushi vyao.

Dakane akaanza sindano, kila siku, kwa wiki mbili na zaidi, na zinauma. Siku za kwanza alilala uso ukutani. Kisha homa ikakatika. Kisha akaanza kula. Kisha akaanza kusema, na hapo tukagundua tuna msema hovyo wodini.

"Edo," aliniambia nilipopita kuchukua damu, "unanitoa damu kila mara, unaipeleka wapi? Unapikia?"

"Yako haina mafuta."

"Nirudishe nyumbani basi, ninenepe."

Mzee Gedi naye alikuwa haketi. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Ijara, simu zinalia, ngamia wanahama kufuata majani na hapana mikono ya kutosha. Kila siku alimuuliza Daktari Atieno: homa imekwisha, anakula, anatukana watu, mnamzuia kwa nini? Daktari akamjibu kwa Kiswahili, nesi akatafsiri, Mzee Gedi akaitikia na uso haukuitikia. Daktari akaniita. "Edo, mpe ule wa mbuzi."

Nikakaa naye kwenye benchi la nje. Tulizungumza Kisomali. Hapa naandika Kiswahili ili Mzee Mutinda naye asome huko Kitui anicheke. Nikampa mfano mzima: alama inayobandikwa na mwili, mwizi anayeikata, mlinzi anayemkaribisha ndani. Mzee Gedi alinisikiliza fimbo ikiwa imelala mapajani. Hakunikatiza hata mara moja. Mwisho akasema, "Abaayo, dada yangu, leo nimeelewa. Kumbe tatizo ni alama."

"Ndiyo hivyo, Adeer," nikamjibu, kama tunavyomwita mzee wa heshima.

"Alama imekatwa."

"Imekatwa."

Akainuka akaniombea dua. Nikarudi kitini kwangu nikijisifu kimoyomoyo.

Ijumaa iliyofuata Dakane alidungwa sindano yake asubuhi, akaombewa ruhusa ya kwenda kuswali na kula kwa jamaa. Mimi Ijumaa alasiri huwa nyumbani, miguu juu ya godoro, feni juu yangu, birika la chai pembeni, na hata akija gavana nitamwambia arudi Jumamosi. Nikiwa hivyo nikasikia harufu ya mkaa unaokolezwa kutoka kwa jirani yangu. Mtu wa kutembea asingeitilia maanani. Lakini mimi nakaa nyumbani, nazijua harufu za mtaa wangu kwa saa zake. Saa hiyo ya Ijumaa kila mtu ameshakula na chai ya jioni bado. Nani anakoleza mkaa? Kisha nikasikia sauti ya Mzee Gedi ng'ambo ya ua. Ndipo nikakumbuka kuwa jirani yangu ana watu Sangailu.

Nilitoka na ndala mbili zisizofanana.

Uani kwa jirani Dakane alikuwa amelala juu ya mkeka, shati limepandishwa hadi kifuani. Jiko limewaka jekundu. Ndani ya makaa, chuma kirefu chenye ncha iliyopinda. Nje ya mlango kulikuwa na mzigo umefungwa kamba, tayari kwa lori la Ijara.

"Adeer Gedi," nikasema, "mnachoma nini?"

"Karibu, abaayo! Umekuja wakati mzuri. Tunafanya ile kazi uliyosema."

"Niliyosema mimi?"

"Si ulisema mwizi anaikata alama? Nimelifikiria sana. Mkato wa sikio ni kitu cha kisu, na kisu kingine kitaukata. Ndiyo maana ngamia hatumkati tu, tunamtia alama ya moto. Umeona wapi moto ukikatwa?" Akageuza chuma kwenye makaa. "Ile ya kwanza tuliweka juu juu. Leo tunaiweka sawasawa, halafu tunapanda lori."

Wanangu, maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vizuri namna ile.

"Edo," Dakane akasema kutoka mkekani, "mwambie basi achukue chuma kidogo. Hicho ni cha ngamia."

"Nyamaza," mjomba wake akamwambia, "nawe ni mkaidi kama ngamia."

Nikaanza vibaya. Nikasema daktari atakasirika. "Daktari ana ngamia wangapi?" akaniuliza. Nikasema moto unaishia kwenye ngozi, mdudu yuko ndani. "Basi tutasukuma zaidi," akasema, na nikaona nimeharibu mara ya pili. Nikasema damu ya Dakane haijapata nguvu ya kuganda, bandama ile bado imejaa, ikijeruhiwa atatokwa damu kwa ndani. Hapo akalivuta shati la Dakane likafunika makovu, kisha akalipandisha tena. Lakini mkono wa pili haukuacha chuma.

Nikaketi chini, kwenye mchanga, karibu na jiko.

"Adeer, unaogopa nini?"

"Kaka yake huyu," akasema, "alikuwa na tumbo hili hili. Nilimpeleka zahanati, tukapewa vidonge vya malaria, akapata nafuu, tukarudi malishoni. Ikamrudia. Tukapewa vingine, akapata nafuu, tukarudi. Nilimzika kando ya njia. Na sikuwa nimemchoma, kwa sababu watu wa zahanati walinikataza. Dada yangu aliniuliza kitu kimoja tu: kwa nini hukumchoma? Huyu nikimrudisha, abaayo, nataka niwe nimefanya kila kitu."

Dakane alishusha shati polepole. Nilijua hakuwa ameambiwa habari ile ya mama yake.

Sasa nini cha kumwambia mtu kama huyo? Vimeng'enya? Nikamuuliza kitu anachokijua yeye.

"Adeer, mnyama wako akiibwa na alama ikaharibiwa kabisa, unamjuaje?"

Alinitazama kama nimemuuliza kibla kiko wapi. "Kwa unyayo."

"Na mwizi hawezi kuukata?"

"Akate mguu? Atamwiba vipi?"

"Basi nisikilize, maana nilikueleza nusu. Mwili wa Dakane unasoma alama, ndiyo maana umedanganywa. Dawa ile haisomi alama. Inafuata unyayo. Mdudu huyu ana kitu chake mwenyewe kinachomlinda na sumu akiwa ndani ya seli, binadamu hana kitu hicho. Hawezi kukivua, akikivua anakufa. Dawa inakiharibu hicho hicho. Inamfuata mpaka ndani ya nyumba aliyojificha, na moto wako hauwezi kufika huko."

Akafikiri. "Imemfuata wiki nzima. Homa imekwisha. Si ameshapatikana?"

"Wengi wamekufa. Sio wote."

"Wachache watafanya nini kwa kijana anayekula kama fisi?"

"Adeer, tuseme ukame umekuja. Ngamia wako wote wamekufa, Mungu aepushe. Amebaki jike mmoja tu, ana mimba. Una mifugo au huna?"

Alikasirika kweli kweli. "Nina mifugo! Mwenye jike mwenye mimba hajafilisika! Mpe mvua mbili tatu uone!"

"Na mdudu naye ndivyo anavyosema."

Nikaona uso wake unabadilika, na sitausahau, kwa sababu hakuwa anamfikiria Dakane. Alikuwa anamfikiria yule wa kando ya njia. Akapata nafuu, tukarudi. Akapata nafuu, tukarudi.

"Kila mara," akasema taratibu, "tuliacha jike."

"Hakuna aliyekuambia, Adeer. Na dawa zenyewe zilikuwa za ugonjwa mwingine."

Akatoa simu mfukoni, akampigia dada yake Sangailu, akaiweka sauti ya wazi. Akamwambia kuna mwanamke wa hospitali hapa, anakataza moto. Upande wa pili nikasikia ngamia wanalia mbali.

"Wewe mwanamke," mama yake Dakane akasema, "huyo mdudu umeambiwa au umemwona?"

"Nimemwona kwa macho yangu, ukhti."

"Ndani ya mwanangu?"

"Ndani ya uboho wake."

"Yuko mmoja?"

"Walikuwa wengi. Sasa ni wachache, na hao wachache ndio ninaowaogopa."

Wanangu, kazi yetu ya maabara ni hiyo tu. Daktari anajua, nesi anatibu, sisi ndio tuliomwona. Siku mtu atakapokuuliza kama umemwona, uwe umemwona kweli, na rangi uwe umeichuja.

"Gedi," akasema, "mwache hapo mpaka wamalize. Wewe njoo, ngamia wanaondoka. Na huyo mwanamke ampelekee chakula mwanangu, maana hospitali wanapika wali kama uji."

Mzee Gedi akakitoa chuma kwenye makaa, akakitia kwenye ndoo ya maji. Kililia mpaka jirani yangu akatoka jikoni kuuliza kumetokea nini. Lori likaondoka na mzee na mzigo. Dakane akarudi wodini kwa miguu, na mimi, nisiyependa hata kwenda dukani, nikawa natembea kila siku na bakuli la anjera, mkate wetu laini, na nyama, jua likinitoa jasho. Naye analalamika chumvi.

Daktari Atieno nilipomsimulia alicheka, kisha akashika kichwa. "Edo, mfano wetu ulikuwa na tundu."

Ulikuwa nalo. Kwa hivyo nawapa hili, ni bora kuliko yote niliyowaambia juu ya rangi na maji. Ukimaliza kumweleza mtu ugonjwa wake na akakuambia ameelewa, usiinuke. Muulize: sasa utafanya nini? Hapo ndipo utajua alichoelewa. Mimi sikuuliza, na kidogo kijana achomwe kwa chuma cha ngamia kwa ajili ya ufundi wangu wa kusema.

Dakane alimaliza sindano zote. Bandama ikarudi chini ya mbavu inapostahili kukaa, yakabaki makovu. Aliambiwa arudi kupimwa, na kwamba homa au madoa ya ngozi yakitokea asingoje, maana mdudu huyu ana tabia ya kujificha. Alirudi, mnene, na viatu vipya. Nilikaa naye kwenye hadubini kumwonyesha kioo chake cha zamani. Alitazama kwa muda, akauliza, "Hawa ndio walionila?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wadogo hivi? Aibu gani hii."

Na Mzee Gedi? Huyo sasa ndiye mwalimu. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilimsikia kwa dirisha akiwa kwenye foleni na mama mmoja wa Bura, aliyembeba mtoto mwenye tumbo lililotuna. Alikuwa anamweleza mwizi na sikio, neno kwa neno, kama mfano wake mwenyewe. Nikataka kutoka nikamwambie asiishie hapo. Sikuhitaji. "Lakini usikimbilie moto," akamwambia, "moto ni wa ngamia. Na homa ikipoa usipande lori. Sasa niambie, utafanya nini?"

Ananikumbuka kwa njia yake. Kuna ngamia jike zizini kwao, wenzake wakifunguliwa asubuhi yeye hubaki amelala mpaka asukumwe. Mzee Gedi amempa jina Sahra. Sijaenda kumwona. Sangailu ni mbali, na sijui choo kikoje.

Wiki iliyopita Dakane alinitumia ujumbe wa sauti. Sahra amezaa, anasema, jike, wote wazima. Chini yake akatuma picha. Nikavaa miwani nitafute shingo nione alama, nitafute sikio. Hapakuwa na ngamia kwenye picha. Palikuwa na mchanga mwekundu uliolowa mvua, na juu yake unyayo mkubwa, umekanyaga vizuri, na kando yake mdogo, mpya kabisa.